Kabla ya kuchagua samaki, chagua maji

Kambale wa kwanza niliyemvua kwa mkono wangu mwenyewe alikuwa mnene, ananing'inia kutoka kiunoni hadi chini ya goti, na hakulika. Nilimpata wakati wa joto kali, kwenye bwawa lililokauka nusu na maji yaliyobaki yamegeuka kijani. Nilimkaanga kwa uangalifu wote, nikatia chumvi, nikakamulia ndimu. Kila aliyemega alikirudisha kipande sahanini. Ilikuwa ladha ya tope tupu, kama kulamba chungu ambacho hakijachomwa. Kwa miaka miwili nilimwambia kila mtu kwamba kambale si samaki wa kula. Kisha rafiki akaniletea kambale wa mtoni, wa maji yanayokwenda, nikala mpaka nikanyonya kichwa. Samaki ni yule yule, nyama ni ile ile. Tofauti ilikuwa maji.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza ni samaki gani wa maji baridi aliye mtamu kuliko wote, nami humuuliza anavua wapi. (Nikisema maji baridi nina maana ya maji yasiyo na chumvi, ya mto, ziwa au bwawa, hata kama jua limeyachemsha.) Orodha za samaki watamu ni nyingi na nyingine ni nzuri, lakini nimeshakula perege asiyefaa na kapi mtamu ajabu, na mara zote jibu lilikuwa majini kabla halijawa kwenye jina la samaki.

Ile ladha ya tope haitokani na tope lenyewe. Hutokana hasa na kemikali mbili, jiosmini na nyingine inayoitwa kwa kifupi MIB, ambazo hutengenezwa na bakteria wa kijani-buluu wanaostawi kwenye maji ya moto yaliyotulia, pamoja na bakteria fulani wa kwenye mashapo. Jiosmini unaijua tayari: ndiyo harufu ya ardhi mvua ya kwanza inapodondoka. Jina lake lilitolewa mwaka 1965 na watafiti Gerber na Lechevalier, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya harufu ya ardhi. Binadamu huitambua hata ikiwa nanogramu chache tu ndani ya lita moja ya maji. Samaki huipokea zaidi kupitia matamvua anapopumua, kisha kemikali hiyo hujificha kwenye mafuta yake. Ndiyo maana unaweza kumsugua ngozi kwa chumvi mpaka mikono iume na bado ladha ikabaki, na ndiyo maana samaki mwenye mafuta mengi huathirika zaidi kuliko mkavu aliyetoka bwawa hilo hilo.

Kwa hiyo kabla ya kutupa ndoana naangalia na kunusa. Maji yanakwenda au yamelala? Yana mawe na mchanga chini, au matope laini? Nikichota kwa kiganja, yananuka udongo? Nikikuta utando wa kijani umetanda juu kama rangi iliyomwagika, sivui wa kula hapo hata kidogo, kwa sababu baadhi ya bakteria hao hutoa sumu inayojikusanya kwenye ini na matumbo ya samaki. Hilo si suala la utamu tena.

Ukishamvua na ladha ya tope unaihofia, bado kuna njia. Samaki akikaa hai kwenye maji safi siku kadhaa bila kulishwa, ile ladha hutoka taratibu kwa njia ile ile ilivyoingia. Mimi hufanya hivyo kwa kambale, ambaye ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu na hivyo huvumilia pipani vizuri. Nabadilisha maji kila siku na siku ya nne au ya tano namchinja. Samaki dhaifu kama trauti usimjaribie hilo nyumbani, atakufia. Ndimu na siki pia husaidia, maana asidi huivunja jiosmini, lakini husaidia pale ladha ilipo kidogo. Kambale wangu wa bwawa la kijani asingeokolewa na gunia zima la ndimu.

Msimu nao una uzito. Samaki anayejiandaa kutaga huhamishia akiba yake ya mafuta kwenye mayai, na akishataga mnofu hubaki majimaji, mlegevu, hauna ladha. Wengine hufurahia kumpata jike lililojaa mayai. Mimi huona ni hasara mara mbili: mnofu umeshaanza kudhoofika, na umeua kizazi. Napenda kuvua samaki alipokwisha kula vizuri kwa miezi kadhaa baada ya kutaga, na pale maji yanapopoa, kwa kuwa mnofu wa maji yaliyopoa hukaza.

Kuhusu ukubwa, nachukua wa kati. Mdogo sana ni miiba na lawama, na sheria za uvuvi mahali pengi humkataza. Mkubwa sana huvutia kwenye picha, ila nyuzi za mnofu wake ni nene na ngumu, na kama ni samaki mla samaki wenzake, miaka yote aliyoishi amekuwa akijikusanyia zebaki, ambayo kupika hakuiondoi. Majike makubwa ndiyo pia yanayotaga mayai mengi zaidi. Huwa nayarudisha majini.

Sasa ndiyo tuje kwenye majina, na hapa nasema ninavyoona mimi. Kwa kuanzia hakuna kama perege, au sato kama wengine wanavyomwita. Mnofu mweupe, utamu mpole, na miiba yake imekaa mahali pa kueleweka: ukishafuata uti wa mgongo na mbavu, mnofu uliobaki ni salama hata kwa mtoto. Ubaya wake ni kwamba anakula mwani na vilivyooza, hivyo hufuata tabia ya maji yake bila kuficha. Perege wa ziwa lenye maji ang'avu ndiye ningemchagua kama ningeambiwa nile samaki mmoja tu maisha yangu yote.

Trauti anamfuata kwa karibu. Huyu hawezi kuishi ila kwenye maji yaliyopoa yenye hewa nyingi, na hilo mara nyingi humkinga na ladha ya tope. Akila viumbe jamii ya kamba, mnofu wake huwa wa waridi kwa sababu ya rangi iitwayo astazanthini, na huyo wa waridi ndiye ninayemtafuta. Magamba yake ni madogo mno, humpari. Unamtumbua tu, unamwosha, unamweka motoni.

Sangara ana mafuta na mnofu mzito unaostahimili kuchoma. Anaweza kufikia urefu wa mita mbili, lakini wa kilo mbili au tatu ndiye mtamu. Wavuvi wa Ulaya na Amerika Kaskazini humsifu zanda na ndugu yake anayeitwa walleye kuliko karibu samaki wote wa maji baridi, na nakubaliana nao: mnofu mweupe, mkavu kidogo, safi kabisa.

Kambale nimeshapatana naye. Hana magamba, hana miiba midogo ndani ya mnofu. Siri yake ni kisu: mchune ngozi, kisha kata ule ukanda mwekundu unaopita ubavuni na mafuta ya tumboni, maana ladha kali hukaa humo. Ningu, kapi na paiki ni watamu kweli, ila wamejaa miiba midogo iliyofumwa ndani ya mnofu wenyewe. Ile ya paiki ina umbo la herufi Y. Wengi huwadharau kwa hilo tu, na naona si haki. Mchanje ubavuni mistari ya karibu karibu hadi karibu na ngozi, mkaange kwenye mafuta mengi yaliyochemka, na miiba ile hulainika ukaitafuna bila kujua.

Ziko tahadhari ambazo sizifanyii mzaha. Bunju wapo pia kwenye maji baridi na wana sumu, usile. Nyongo ya kapi mla majani imewahi kuharibu figo na maini ya watu walioimeza kama dawa. Mayai ya samaki aitwaye gar ni sumu. Na samaki wa maji baridi usimle mbichi: hubeba minyoo ya utumbo na ya ini. Mpike hadi joto la ndani lifike nyuzi 63, mnofu umekuwa mweupe na unaachana kwa uma.

Baada ya maji, kinachoamua zaidi ni dakika kumi za kwanza baada ya ndoana. Nilikuwa na tabia ya kuwatunga samaki kwenye uzi na kuwaacha wakitapatapa kwenye maji ya kina kifupi mchana kutwa, nikidhani wakiwa hai ndiyo wabichi zaidi. Jioni mnofu ulikuwa umelegea kama uji. Samaki anayehangaika muda mrefu hutumia akiba yote ya nguvu iliyo kwenye misuli, asidi huzidi, na utamu hupotea kabla hajafika jikoni. Siku hizi nampiga kichwani mara moja, nakata matamvua damu itoke, kisha anaingia kwenye barafu iliyochanganywa na maji kidogo ili imguse pande zote. Namtumbua mapema bila kupasua nyongo, na nakwangua ule utando mweusi wa ndani ya tumbo, maana unachacha. Samaki wa baharini hunuka shombo haraka kwa sababu ya kemikali inayowasaidia kuishi kwenye chumvi. Wa maji baridi wanayo kidogo sana. Kwa hiyo wa kwako akinuka sana jioni ile ile, angalia ulivyomtunza kabla hujalaumu aina yake.

Nikifika kwenye maji ambayo sijawahi kuvua, navua mmoja tu kwanza. Nakata kipande, nakifunga kwenye karatasi ya foili bila chumvi, bila ndimu, bila kiungo chochote, nakiweka motoni. Nikifungua nanusa mvuke wa kwanza kabla sijaonja. Wafugaji wa kambale kule Marekani hufanya jambo kama hilo kabla ya kuvuna bwawa: samaki hupikwa bila viungo, muonjaji aliyezoezwa akigundua tope, bwawa zima husubiri. Mimi bwawa langu ni popote ninaposimama. Mvuke ukiwa msafi, naweka chambo kingine. Ukinuka udongo, nakunja mshipi na kutafuta maji mengine.