Ningempa mwenye hati, ila si bila sharti

Wiki hii mmeuliza: watu wawili wakiwa wamenunua kiwanja kimoja, kila mmoja kwa fedha zake halali, mahakama impe nani? Mimi nasema apewe aliyetangulia kukilima, na nasema hivyo nikiwa mtoto wa mtu aliyetangulia.

Mwaka 2001 marehemu baba alinunua kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, nje kidogo ya Bombo, hapa Uganda, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwa Kiganda kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akapiga muhuri. Tulikuwa tumekwisha kula ndizi za pale kwa miaka mingi alipotokea mwalimu mmoja na kyapa, hati ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ya Buganda) aliyouziwa na warithi wa mwenye ardhi, yenye jina lake na isiyo na zuio lolote.

Sitasahau asubuhi ambayo hakimu alikuja kusikiliza kesi shambani. Mvua ilikuwa imenyesha. Hakimu alikunja suruali, karani akavua viatu. Baba alipoambiwa aonyeshe mpaka, alikwenda moja kwa moja kwenye mulamula, mmea ambao Waganda huupanda mipakani, akaushika kama anayemshika shahidi wake begani. Mwalimu alifungua ramani, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akamtazama mpimaji. Hakimu alimuuliza iwapo aliwahi kufika pale kabla ya kulipa. Akajibu kwamba alifika mara moja, hakushuka garini, na migomba aliiona, lakini aliambiwa ni ya vibarua wa muuzaji. Bibi jirani yetu alicheka kwa sauti hadi karani akamnyamazisha. Mahakama yetu ya Rufaa imewahi kusema kwamba ardhi si mboga za kununuliwa kwa muuzaji usiyemjua, nami nikaamini tumeshinda.

Kisha baba naye akaulizwa: idhini ya mwenye ardhi iko wapi, ilhali Sheria ya Ardhi ya 1998 inaitaka kabla kibanja hakijauzwa? Alinyamaza. Aliyemuuzia kibanja alikuwa amemwahidi kwamba wangekwenda kuitafuta pamoja baadaye. Hapo ndipo nilipoona kwamba baba na mwalimu, ambaye (tulisikia baadaye) alikuwa bado anakatwa mshahara kwa ajili ya mkopo wa kiwanja hicho, wote wawili walinunua maneno ya mtu. Hatimaye walipatana nje ya mahakama, wakagawana. Mwalimu akachukua upande wa barabara.

Kwa hiyo jibu langu la mwanzo limenipungukia nguvu. Sheria humlinda aliyesajiliwa, na ili hati yake ifutwe kwa ulaghai ni lazima ithibitike kwamba yeye mwenyewe alishiriki au alijua. Bila kinga hiyo sijui nani angethubutu kununua ardhi nchini humu. Ningekuwa hakimu, nadhani ningempa mwenye hati, hata dhidi ya mtu kama baba, mradi aliyekaa humo hana haki ambayo sheria yenyewe inaitambua, na mradi mnunuzi huyo, kabla ya kulipa, alishuka garini akapiga hodi.