Usikubali Kuambiwa "Ni Kichwa cha Ukoo"

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji aliyeko Kahama. "Dada shikamoo. Mwanangu ana miezi minne, kichwa kinazidi kukua na macho kama yanatazama chini muda wote. Mama mkwe anasema hata baba yake alizaliwa hivyo, tusubiri. Nifanyeje?" Nilimjibu palepale, kwa ukali kidogo, nikamwambia asisubiri hata kesho kutwa. Halafu usingizi ukakata. Najua hayuko peke yake, ndiyo maana naandika.

Hayo macho nayajua. Mboni inazama chini kama jua la magharibi, weupe unabaki juu. Ukiyaona kwa mtoto mwenye kichwa kinachokua kwa kasi, mambo ya kufanana na baba yameishia hapo: hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kichwa kikubwa, yaani maji kujaa ndani ya ubongo (haidrosefalasi).

Mwanangu, acha nimwite Baraka, alizaliwa Morogoro akiwa mzima kabisa. Kila nikienda kliniki uzito umepanda, manesi wananisifu, kadi inapendeza. Kumbe sehemu ya uzito ule ilikuwa maji! Mtoto anatundikwa kwenye mzani, anateremshwa, tunaondoka. Kichwa hakuna aliyekipima. Nilipouliza mbona kofia hazimwingii, nesi mmoja akasema kwa sauti, "Mama, hiki ni kichwa cha ukoo, kamuulize mumeo." Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, fundi cherehani. Siku hiyo alikuwa ananipima gauni, akaizungusha futi kamba kichwani kwa mtoto, juu kidogo ya nyusi na kupita kisogoni pale palipojitokeza zaidi, akaandika namba ukutani kwa ile chaki ya kuchorea vitambaa. Baada ya siku kadhaa akapima tena. Akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Shoga, huyu mpeleke hospitali kubwa. Gauni litasubiri."

Niwaeleze kwa lugha yetu. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vinne vyenye majimaji safi yanayotengenezwa usiku na mchana. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, yakishazunguka yananyonywa kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, au yasiponyonywa inavyotakiwa, yanajaa na kuubana ubongo. Mtoto mchanga mifupa ya fuvu lake haijaungana, kwa hiyo kichwa kinatanuka, utosi unavimba na kukaza, mishipa inajichora kwenye ngozi. Wengine huzaliwa na hali hii, hasa wenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukujifunga tumboni mwa mama. Wengine huipata baada ya homa ya uti wa mgongo, au damu kuvujia kwenye ubongo kwa wale njiti. Mchawi hayumo, na wala hukukanyaga kitu.

Kule Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alipoanza kuwahudumia watoto hawa mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliona zaidi ya nusu yao tatizo limetokana na maambukizi, mengi ya siku za mwanzo za maisha. Kwa hiyo kitovu kichafu na homa ya kichanga si mambo ya kungoja yapite. Huyohuyo ndiye aliyeendeleza upasuaji wa kuingiza kamera ndogo kichwani, kuyafungulia maji njia nyingine na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asilazimike kuishi na mrija. Si kila mtoto unamfaa. Baraka aliwekewa mrija, wenyewe tunauita shanti: unatoka kichwani, unapita chini ya ngozi ya shingo na kifua, unamwaga maji tumboni, mwili unayanyonya.

Alifanyiwa Muhimbili, pale MOI, yaani Taasisi ya Mifupa. Jina linasema mifupa, lakini wapasuaji wa ubongo ndiko waliko. Siku za wodini naziruka, ni kusubiri tu na kufua kanga. Baba yake alikuja, akaona mshono, akarudi Morogoro. Tuyaache hayo.

Leo Baraka amefaulu upimaji wa darasa la nne! Nyuma ya sikio ana kinundu, ndiyo vali ya ule mrija, inayoongoza maji yatoke kwa kiasi, na kinyozi wake anajua pale mashine inapita taratibu. Wifi yangu, yule aliyesema nisimlete msibani watu wasije wakashangaa, ameyatuma matokeo kwenye grupu la ukoo na kuandika "damu yetu hiyo". Nimesoma, sijajibu.

Sasa mama mwenzangu, najua na wewe unataka wako aende shule, mwalimu amwite kwa jina lake. Basi pima. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa cha sentimita 34 au 35 hivi, na miezi mitatu ya mwanzo kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, kisha kasi inapungua. Kikipita hapo, dai apimwe. Utosi ukiwa bado wazi, ultrasaundi ya kichwa inaonyesha maji vizuri tu. Ukiwa Kahama nenda Bugando, Mwanza. Huna hela? Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Sala ni nzuri, hata mimi nilisali, ila sali ukiwa kwenye foleni ya daktari. Na usimfungie ndani!

Waliokwisha kuwekewa mrija, msilale. Mrija unaziba, na mingi huziba ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wa kwetu ulipoziba, Baraka alitapika kila asubuhi na kusinzia mchana. Zahanati moja ikampa dawa ya malaria. Mtoto wa shanti akitapika, akilegea, akiumwa kichwa, akipata homa au wekundu kwenye njia ya mrija, mrudishe kwa waliomfanyia upasuaji siku hiyohiyo.

Kwa mnaopanga mimba: foliki asidi, ile vitamini ya vidonge, inaanzwa kabla ya mimba, kwa sababu uti wa mgongo unajifunga ndani ya wiki 4 za mwanzo, wakati wengi wetu hata hatujajua. Haizuii kila kichwa kikubwa, ila inapunguza sana mgongo wazi. Viwanda vikubwa vya unga vinatakiwa kuiongeza, lakini dona la mashine ya mtaani halina, kwa hiyo vidonge usiviache.