Kabla Hujamwazima Kikaragosi Sauti Yako

Mtoto wa dada yangu alikataa katakata kwamba yule sungura ni mimi. Tumekaa sebuleni, Mwanga hapa Kigoma, katuni inaendelea kwenye simu, sungura anacheka na mimi nacheka naye kwa sauti ileile. Akanitazama, akaitazama simu. "Mjomba, unamwigiza tu." Majina ya walioitengeneza yakapita mwishoni, langu halimo. Ushahidi sina.

Nusu ya kosa ilikuwa yangu. Tulipatana bei kwa simu, nikarekodi chumbani, nikatuma. Kwa hiyo wewe unayeanza, jina lako liandikwe kwenye makubaliano kabla hamjaanza kuongelea hela. (Najua, njaa ipo.)

Wenzetu Wajapani kazi hii wana jina lake kabisa, seiyuu, na vyuo vya kuifundisha. Masako Nozawa anamtolea Goku, shujaa wa katuni ya Dragon Ball, sauti tangu 1986, na mashabiki wanamjua hata kwa sura. Ujerumani, staa wa Marekani hupewa Mjerumani wake wa kumsemea, filamu hadi filamu. Akibadilishwa, watazamaji wananung'unika. Huko Marekani kwenyewe, tangu mwigizaji Robin Williams alipokuwa sauti ya jini kwenye katuni ya Aladdin mwaka 1992, katuni kubwa za sinema huuzwa kwa majina ya mastaa waliokwisha kuvuma.

Nasi tusijidharau. Kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, watu huuliza "nani katafsiri?" kabla ya kuuliza steringi nani. Lufufu, mtafsiri wa filamu kwa sauti, alikuwa akimaliza mkanda mzima peke yake, jambazi yeye, bibi harusi yeye, na watu walimfuata yeye. Ila DJ wa filamu, yaani mtafsiri kama huyo, anajitaja katikati ya picha. Wewe wa katuni umejificha kwenye mdomo wa sungura, huna pa kujitajia.

Na mdomo huo ni mgumu! Kiswahili chetu kirefu. Kikaragosi kafumbua kinywa mara moja tu, wewe umeandikiwa "hapana", silabi tatu. Nilihangaika usiku mzima, nimejifunika blanketi kuzuia mwangwi, mpaka nikakumbuka "ng'o!" Ikakaa sawasawa. Mvua ikianza kupiga bati, zima, kanywe chai.

Katuni ya pili nililipigania jina, likatoka, limekosewa herufi moja. Nikasimamisha picha, nikamwita mtoto. Akalisoma polepole kwa kidole, akamaliza.

"Umeona? Si wewe."