Shangazi, mke wangu asipopokea simu sikaliki

*Shangazi, nina miaka 34, nimeoa. Tangu mke wangu aanze masomo ya jioni sina raha. Asipopokea simu moyo unanienda mbio, napiga tena na tena mpaka apokee. Marafiki niliachana nao nilipooa. Yeye ndiye kila kitu changu. Juzi kaniambia namchosha. Huwa namwambia nikimkosa sioni sababu ya kuishi, lakini ni kama haguswi. Je, ni kosa kumwomba asimamishe masomo mpaka nitulie?*
*Mpweke wa Jioni*

Mwanangu,

Ni kosa. Ukimwomba leo aache masomo, kesho utamwomba asiende kwa dada yake, keshokutwa utataka kuikagua simu yake, na kila mara utajiona unaomba jambo dogo tu. Wapo wanaume wasiowahi kuinua mkono ambao wake zao wanaishi kama wafungwa.

Kabla ya hiyo simu, kuna maneno umeyapitisha harakaharaka: kwamba ukimkosa huoni sababu ya kuishi. Kama ni ya kumtia huruma, yakome leo. Nani atatulia darasani huku akidhani uhai wa mumewe uko mikononi mwake? Lakini kama mawazo ya kujiua yanakujia kweli, usisubiri majibu ya magazetini. Mwambie leo hii mtu unayemwamini, akusindikize hospitali ukaonane na daktari. Hilo halina aibu.

Haya, simu. Unapiga, anapokea, unashusha pumzi. Robo saa baadaye wasiwasi umerudi, maana ulichojifunza si kwamba uko salama, ni kwamba hofu huondoka ukipiga. Kwa hiyo unapiga tena. Naye kwa upande wake anaanza kukuficha vitu vidogo ili kuepusha maswali: kipindi kilichelewa, alikaa kidogo na wenzake. Siku utakayogundua utasema, "Nilijua!" Kumbe uongo huo mmeuzaa wote wawili.

Kumhitaji mtu si ugonjwa, na wanaohubiri kwamba binadamu ajitosheleze mwenyewe huwa wananichekesha. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alichunguza watoto wachanga na mama zao nchini Uganda katika miaka ya 1950. Aliona kuwa mtoto mwenye imani na mama yake humwacha akatambaa kwenda kuchunguza vitu, akarudi, akaenda tena. Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver waliandika kwamba hata mapenzi ya watu wazima yana mwenendo unaofanana na huo. Anayeamini kwamba mwenzake yupo humwachia nafasi. Wewe humwachii.

Tena umemtwika peke yake kazi ya watu wengi. Yeye ni mke, rafiki, mshauri, mfariji, na sasa mlinzi wa usingizi wako. Wanaume wengi mnafanya hivi: mkioa, mnafunga milango mingine yote. Hasara haiishii chumbani kwenu. Rafiki yako akifiwa hakuoni, kazini akili yako iko kwenye simu, na mkijaliwa mtoto atakuwa mpatanishi kabla hajajua kuandika. Na mkeo akiugua, ataegemea wapi?

Kaa naye mwishoni mwa wiki, si usiku amechoka. Mwambie umeona unachomfanyia, kisha mkubaliane simu moja tu, wakati wa mapumziko yake. Saa nyingine hofu ikipanda, iache simu chumba kingine, utembee, uoge, ufue. Itapanda mpaka udhani unakufa, halafu itashuka yenyewe bila sauti yake. Siku za kwanza ni ngumu, sikudanganyi. Ukishindwa jioni moja, usimwamshe usiku kumwomba msamaha mara kumi. Huko nako ni kumtafuta akutulize.

Jioni mojawapo mtafute yule rafiki uliyemtelekeza. Umwombe radhi, halafu umuulize habari zake na umsikilize. Usiende kumfanya mke wa pili wa kumlilia.

Na ikipita miezi miwili mitatu hali ni ileile, nenda kwa mshauri nasaha. Nenda peke yako kwanza. Mkija kwenda wote wawili, mwache mkeo aanze kuzungumza, na usimkatize.

Shangazi