Shangazi, kioo nimekigeuzia ukutani

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, naishi Moshi. Mwaka jana nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, nikachomwa dawa hadi nywele zikaisha. Sasa zinaota, na daktari ameridhika na vipimo. Lakini kioo cha chumbani nimekigeuzia ukutani, kwaya nimeacha, na mume wangu hanigusi wala hasemi neno. Nikilia, akina mama wa jumuiya wananiambia uzuri ni ubatili, nishukuru uhai. Nashukuru, ila sijioni tena mwanamke. Imani yangu ni haba?*
*Mama Sauti ya Pili*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Imani yako haina kasoro. Hao wenzako wamekuchomolea Mithali 31:30 na kuuacha mstari wa 22, ambako mwanamke huyohuyo anayesifiwa kwa kumcha Bwana amevaa kitani safi na zambarau. Alipenda kupendeza! Ubatili ni kuutegemea uzuri. Kuulilia ulipoguswa na kisu ni jambo jingine, na mimi sitakukataza. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna aliyeifuta kwenye Biblia.

Ukimaliza kulia, fungua Isaya 61:3, "taji ya maua badala ya majivu". Waombolezaji wa Israeli walijitia majivu kichwani, na kichwa hichohicho ndicho nabii anachoahidi kuvikwa taji. Hakuwaambia kwamba majivu hayakuwapo. Hata Bwana mwenyewe, alipofufuka, alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu, alama zikiwa bado zipo. Sisemi kovu lako ni zuri, anayesema hivyo hajawahi kulipitishia sabuni. Nasema mwili wenye kovu uliingia kwenye utukufu, basi usiuondoe wako kwenye hesabu.

Kioo kigeuze ukiwa umevaa, upendavyo. Anza na shingo na mikono, ukijipaka mafuta, mengine yatafuata kwa siku zake. Nywele baada ya dawa zile zinaweza kurudi laini, za mawimbi au zenye mvi, usizihukumu mapema. Ukichoka kutazamwa, funga kilemba cha kitenge kile unachokipenda, si kile cha kujificha.

Sare ya kwaya mpelekee fundi akushonee mfuko kwa ndani, upande wa kushoto, utie pedi ya kitambaa laini. Kisha rudi siku ya mazoezi, usianze na Jumapili. Jumapili kanisa zima lina macho, ila mazoezini watu wanagombana na noti. Kaa na wenzako wa sauti ya pili, na siku sauti isipotoka, waache wakuimbie.

Ukiona wiki zinapita hulali wala huli, mwambie daktari. Huzuni nayo inatibiwa, na kwenda kutibiwa si kumkosea Mungu.

Kuhusu baba watoto, kimya chake umekitafsiri peke yako. Huenda ni chuki kweli, ila mimi naona uoga kwanza, maana wanaume wengi huogopa kukutonesha. Muulize waziwazi. Akishikwa na kigugumizi, nenda naye kliniki siku yako ya kupimwa, amuulize daktari mwenyewe kama akikukumbatia atakuumiza.