Kabla ya Kuuliza Chambo, Uliza Maji

Kwa miaka minne ya mwanzo nilivua kwa mshipi upande wa magharibi wa Pemba nikiamini kwamba samaki hupatikana kwa chambo. Nilipomwona mtu ameshusha dikoni kolekole wa kilo 10 na ushei, swali langu la kwanza, na mara nyingi la pekee, lilikuwa ni hili: amekula nini? Nikishajibiwa, nilikwenda kukitafuta chambo hicho hicho, kwa rangi ile ile na ukubwa ule ule, kisha nikaenda nacho baharini na kurudi mikono mitupu. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaovua siku zao za mapumziko, kwani kila tukikutana barazani nawasikia wakiulizana kama nilivyokuwa nikiuliza mimi, na najua ni fedha ngapi na saa ngapi zinapotea kwa njia hiyo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja jirani yangu, ambaye mimi humwita ami ingawa hatuna udugu wa damu. Usiku mmoja alirudi na kolekole wawili, na kesho yake baada ya sala ya isha tukakaa kibarazani kwake tukinywa kahawa, akanitolea chambo alichowavulia. Kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa mfano wa samaki, mwili mweupe na kichwa chekundu, na rangi yake imebabuka kwa wingi wa mikwaruzo. Nilikigeuza kwenye mwanga wa taa. Mikwaruzo mingi ilikuwa kichwani na tumboni, na ndoana ya katikati ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja. Karibu na mkia palikuwa na mikato miwili myembamba na mirefu, kama iliyopitishwa wembe, na hiyo ami aliniambia ni ya nguru, si ya kolekole, kwa kuwa nguru hukata mkia kwanza ili windo lisiweze kukimbia. Hayo yote niliyasikia, lakini nililolichukua ni jina la duka alikokinunulia. Niliagiza mjini Unguja chambo kinachofanana na kile kwa shilingi 35,000, na kwa miezi miwili, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nikakiburura kandokando ya mwamba ule ule alionitajia, bila ya kuguswa hata mara moja.

Nilipomwendea kumlalamikia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, siku hizo ulizokwenda zilikuwa mwezi ngapi?"

"Mwezi wa pili na wa tatu, ami."

"Sikuulizi mwezi wa kalenda ya ukutani. Nakuuliza mwezi wa mbinguni."

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo lilikuwemo katika kisa chake tangu siku ya kwanza, ila mimi sikuliuliza.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya kwetu hujaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Maji yote yaliyoingia katika mikono ya bahari yenye mikoko na nyuma ya miamba sharti yatoke kwa muda wa saa 6, na njia yake kubwa ni ile milango iliyo baina ya mwamba na mwamba, ambako mkondo huwachukua samaki wadogo kama vibua, simsim na chuchunge wasioweza kushindana nao. Kolekole hukaa nje ya mlango wakiwasubiri. Ami alikuwa akifika hapo saa 11, akitia nanga mahali ambapo mkondo ungepita mbele yake, na akianza kutupa chambo jua linapozama. Kisha alilala chomboni mpaka maji yalipoanza kujaa tena ndipo akarudi pwani. Mimi, kwa kuchelea kukwama kwenye tope la mkono unaokauka, nilikuwa nikikunja mshipi saa 11 hiyo hiyo. Tulikuwa tukipishana njiani, yeye akienda na mimi nikirudi, kila mmoja ana chambo kile kile.

Tangu siku hiyo, mvuvi akinisimulia samaki wake, chambo huwa swali la mwisho. Kwanza namwuliza mwezi ulikuwa wa ngapi na maji yalikuwa yakijaa au yakipwa. Namwuliza upepo, kwa sababu mwezi wa Januari kaskazi linapovuma upande huu wetu wa magharibi hukingwa na kisiwa chenyewe, na maji huwa safi na shwari kuliko ya upande wa mashariki, ilhali wakati wa kusi na mvua za masika maji ya karibu na pwani hutibuka na samaki hawezi kukiona chambo kwa mbali. Namwuliza kina, namwuliza kama chambo kilikwenda juu juu au kilizama, na kilikwenda kwa kasi gani. Mtu akiniambia ya kwamba alikuwa akirambaza, yaani akiburura chambo nyuma ya chombo, mbio nje ya mwamba, kwenye maji ya bluu, mwezi 16, asubuhi, akapata nguru, basi ameshaniambia karibu kila ninachohitaji, hata kama chambo chenyewe kilikuwa nyuzi za gunia zilizofungwa kwenye ndoana na kipande cha karatasi ya kung'aa. Kuna wavuvi wanaopata riziki kwa chambo cha namna hiyo, na sisi tunaonunua vya madukani tuna haja ya kuwasikiliza zaidi kuliko tunavyofanya.

Na kwa siku za maji mafu, kama mwezi 8 au 9 na mwezi 23 hivi, ushauri wangu ni kuviacha vyambo bandia nyumbani. Mkondo huwa dhaifu, milangoni hapana shughuli, na ni heri kwenda kwenye kina, kushusha chubwi, yaani uzito wa kuzamishia mshipi, na kipande cha ngisi, na kutafuta changu na chewa, kwani siku hizo mshipi hushuka wima bila ya kuchukuliwa na maji.

Mwaka jana alitufikia mgeni kutoka Georgia, Marekani, rafiki wa mwalimu mwenzangu, akiwa na sanduku lililojaa vyambo. Yeye ni mvuvi wa besi, samaki wa maji baridi mwenye mdomo mpana ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na ambaye hata Afrika Mashariki yupo, kwa vile alipandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya. Tulikaa naye barazani jioni mbili, mimi nikifasiri. Ami alitaka kujua besi anaishije kabla ya kutazama chochote ndani ya lile sanduku, na mgeni alifurahi sana kuulizwa hivyo. Alieleza kwamba besi si samaki wa kukimbiza windo masafa marefu. Hujificha penye majani ya majini na magogo yaliyozama, akasubiri, na ndiyo maana mojawapo ya vyambo vyake vinavyopendwa sana ni mnyoo laini wa plastiki unaovutwa polepole chini kabisa. Wakati wa kuzaliana, dume hulinda kiota na hushambulia karibu kila kinachosogea, awe na njaa au asiwe nayo. Ami alisikiliza, kisha akasema kwamba huo ni mwenendo wa chewa, na mimi naona alisema kweli kwa habari ya kuvizia.

Mgeni ndiye aliyetusimulia habari za George Perry, ambaye tarehe 2 Juni 1932, katika Ziwa Montgomery huko huko Georgia, alimvua besi wa ratili 22 na wakia 4, sawa na kilo 10.09. Rekodi hiyo ya dunia ilikaa peke yake mpaka tarehe 2 Julai 2009, pale Manabu Kurita alipomvua katika Ziwa Biwa, Japani, besi wa kilo 10.12, na kwa kuwa kanuni inataka rekodi mpya ipite ya zamani kwa wakia 2 kamili, wawili hao wamehesabiwa kuwa sawa. Samaki wa Perry aliliwa na watu wa nyumbani kwake. Lililonishughulisha mimi katika kisa hicho ni kwamba siku, ziwa na uzito vinajulikana mpaka leo, lakini juu ya chambo gani hasa alichotumia wavuvi wa besi bado wanabishana. Kurita yeye alitumia samaki mdogo aliye hai.

Siku ya tatu tulikwenda baharini pamoja. Alifunga chambo chake kimoja cha besi, kizuri, chenye ulimi mfupi mbele wa kukifanya kizame kidogo na kutikisika, na maji yalipoanza kupwa alipata pigo mara ya pili tu ya kukitupa. Samaki alikwenda na mshipi kwa muda wa pumzi mbili tatu kisha ukalegea. Chambo kilirudi kizima, lakini ndoana zake, zile ndogo za meno matatu, mbili zilikuwa zimenyooka kama sindano. Kwa hiyo anayeletewa na jamaa zake wa ng'ambo vyambo vya maji baridi asivitupe, kwa sababu umbo lake huwavuta kolekole vizuri sana, ila kwanza abadilishe ndoana na pete zake kwa zile nene za baharini, ambazo pia hazitaoza kwa chumvi baada ya safari mbili. Na kwa nguru na mzia afunge kipande cha waya mbele ya chambo, kwa maana meno yao hukata nailoni bila ya mvuvi kuhisi chochote.

Juu ya rangi watu hugombana kupita kiasi. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba maji humeza nuru nyekundu mapema kuliko rangi nyingine. Katika mita 5 hadi 10 za mwanzo wekundu huwa umekwisha kufifia sana, na chini zaidi huonekana kama weusi au kijivu, wakati bluu huendelea kuonekana. Kwa hiyo chambo chenye kichwa chekundu kikiburutwa juu juu ni chekundu kweli, lakini kikishuka mita 20 ni chambo cheupe chenye kichwa cheusi. Mimi huchagua kwanza kina kinachohitajika, yaani urefu wa ulimi na uzito, kisha ukubwa unaolingana na samaki wadogo waliopo siku hiyo, na rangi huja baadaye. Kama vibua waliomo majini ni wa urefu wa kiganja, chambo cha urefu wa dhiraa hakina kazi.

Nafahamu kwamba wapo wanaoogopa kueleza mengi kwa kuhofia kuporwa mahali pao, na hofu hiyo naiheshimu. Mtu aliyeutafuta mwamba wake kwa miaka, akaushika kwa kuoanisha mnazi na mnara wa msikiti, hana deni la kumtajia yeyote alama zake, wala si adabu kumwuliza. Lakini mwezi, maji, kina na kasi si mali ya mtu, na kuvificha hakumlindi yeyote. Mkono mtupu haulambwi: ukitaka wenzio wakueleze kwa ukamilifu, waeleze na wewe, na uwaeleze pia siku ulizokosa, kwa kuwa safari tupu iliyosimuliwa pamoja na mwezi wake humwokoa mwenzio asiirudie. Samaki apimwe kwa mizani, hata ile ndogo ya kuning'iniza, badala ya kupimwa kwa mikono. Tofauti ya kilo 6 na kilo 9 hubadilisha unene wa mshipi atakaonunua anayekusikiliza. Na ukiwatajia watu kisiwa cha Misali, watajie pia mipaka ya sehemu iliyokatazwa kuvuliwa, ili mgeni wa eneo asije akaingia humo kwa maneno yako.

Mimi ninaweka daftari, na safu ya kwanza ya kila ukurasa ni mwezi, ya pili ni maji, na chambo kimekaa safu ya sita. Ami hana daftari, lakini bado hakubaliani nami juu ya kile kichwa chekundu, ambacho yeye huamini kinafanana na damu ya samaki aliyejeruhiwa. Tumeafikiana kwamba bamvua hii inayokuja, mwezi 15 na 16, tutatia nanga pamoja nje ya mlango, tufunge vyambo viwili vya umbo na uzito mmoja, kimoja chenye kichwa chekundu na kimoja cheusi, tuvitupe kwa zamu kuanzia jua linapozama, na kila pigo liandikwe.