Mtegoni hamna nzi, embeni mna funza

SWALI: Bibi Shamba, salaam. Nimetundika mitego mitatu ya nzi wa matunda kwenye miembe yangu: chupa za plastiki nilizotoboa, ndani pamba yenye methili eujenoli, kivutio chenye harufu inayowaita nzi. Wiki ya kwanza nzi walijaa tele. Sasa nakuta mmoja, au sikuti kitu, ila maembe nikiyapasua yana funza. Je, nimeuziwa kivutio feki?

JIBU: Usikilaumu kivutio bado. Nenda alfajiri ukautazame waya uliotundikia chupa, kabla ya chupa yenyewe. Huenda ukakuta sisimizi kwenye msafara. Nzi waliokufa ndani ya chupa kavu ni karamu yao. Mimi niliwahi kuandika sifuri daftarini wiki baada ya wiki, nikajisifu, hadi nilipoona bawa la nzi likipanda waya peke yake! Paka grisi nzito katikati ya waya, kisha punguza majani yanayogusa chupa, maana nayo ni daraja. Mimi pia huweka maji ya sabuni ndani ya chupa, kwenye kitako, kina cha vidole viwili. Nzi huzama, nami huwapata wote.

Matundu yawe nusu ya juu ya chupa, yenye upana wa sentimita 2 hivi. Na mikono yako je? Ukishika pamba kisha ukashika chupa, harufu inabaki nje, nzi wanatua hapo hapo, wanalamba, wanaondoka. Vaa glavu. Tundika kivulini, mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini.

Kuhusu funza: kivutio hicho huita madume tu. Anayetoboa embe na kutaga ni jike, naye hana haja na pamba yako. Kumwona, tundika mtego mwingine, mbali na huo, wenye chambo cha protini kama vidonge vya hamira ya torula vilivyoyeyushwa majini.

Hesabu kila wiki, siku ileile. Nzi 84 kwa mitego 3 kwa siku 7 ni nzi 4 kwa mtego kwa siku. Namba hiyo ikipanda maembe yakikaribia kukomaa, anza kupambana nao wiki hiyohiyo. Yaliyoanguka yaokote, uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uuache juani hadi funza wafe.